Shusheni Mikono

Ndugu Sekulu, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, alisimama mbele ya bwalo la kiwanda cha nguo, ubavuni mwa mwekezaji. Pendekezo lilikuwa moja: tawi livunjwe, na mwenye kero aende mwenyewe kwa tajiri.

"Wanaoafiki?"

Mikono ikapanda, kama ilivyokuwa ikipanda tangu enzi kiwanda kikiwa mali ya umma. Mashavu, mfumaji, alishtukia na wake uko juu.

"Tumeafiki nini, shoga?" Mwamtoro, jirani yake wa mashine, alimnong'oneza.

"Kuvunja tawi."

"Letu?"

"Letu."

Mashavu alingoja uchungu, haukuja. Alichosikia ni ganzi tu, begani. Desturi ya bwalo lile, mkono haushuki mpaka mwenyekiti aseme, "Shusheni." Lakini Ndugu Sekulu hakuwa tena mwenyekiti wa chochote. Alivua beji yake, akaiweka mezani, akatoka bila kuaga. Mwekezaji naye akatoka.

King'ora cha zamu kikalia. Bwaloni mikono ilikuwa bado juu, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze.