Mbio za Mchirizi

Pundamilia alikuwa na mwana mmoja tu, jina lake Mchirizi, na hakuna alichokitamani zaidi duniani kuliko kumwona akishinda mbio za wanyama wadogo. Akampeleka kwa kocha Nyumbu, ambaye kila mtoto aliyebaki nyuma alimtandika teke.

"Mama, mguu unaniuma," Mchirizi alisema siku moja.

"Na wenzako pia miguu inawauma," mama akajibu. "Kimbia!"

Siku ya mashindano, Pundamilia alisimama kando ya uwanja akapiga kelele mpaka majirani wakasogea mbali naye.

"Kimbia, goigoi we! Unanitia aibu!"

Kila aliposikia sauti hiyo, Mchirizi alilaza masikio akaongeza mwendo. Akawapita wote, akavuka mstari wa mwisho, lakini hakusimama.

"Basi, mwanangu, umeshinda!" mama akaita huku akicheka.

Mchirizi akazidisha mbio. Mama akamfuata.

"Simama! Rudi, baba, ni mimi mama yako!"

Kadiri alivyoita ndivyo mtoto alivyozidi kukimbia, akiburuta mguu wake mbovu, hadi vumbi likammeza.

Hapo ndipo Pundamilia alipoelewa mwanawe anamkimbia nani. Akafunga kinywa, akasimama kutwa nzima bila kutoa sauti, akitumaini kwamba kimya kitamrudisha. Hakikumrudisha.

Kule uwanjani Nyumbu alikuwa akimwambia Swala, "Umemwona niliyemfundisha? Mlete na wako."

Swala akasema atamleta kesho asubuhi.