Mfereji Jikoni

Kila mwaka wilaya ya Lanhe, kusini mwa China, hurudi kwa siku moja kwenye mojawapo ya ramani zake za kale, na wakazi hulazimika kurudia yaliyotendeka siku hiyo. Mwaka huu imetoka ramani ya vita vya mfereji: kuanzia saa sita mchana, watu wa mashariki waliwachinja wa magharibi. Mfereji wenyewe ulifukiwa zamani, maghorofa yakajengwa juu yake. Upande wako huamuliwa na mahali kilipo kitanda chako.

Asubuhi mpimaji aliingia kwetu, akachora mstari wa bluu sakafuni. Ulikatiza jikoni, chini ya meza ya kulia.

"Kitanda cha nani kile cha dirishani?"

"Cha mama mkwe," nilijibu. "Nilikisogeza juzi apate jua. Miguu inamsumbua."

Akaandika: Luo Guizhen, mashariki. Kisha mimi: magharibi. Akatukumbusha kwamba anayekataa kutimiza sehemu yake, nyumba yake huchomwa na wote waliomo. Mwanangu wa miezi minne alikuwa amelala chumbani.

Kwa jirani, wa mashariki hawakungoja saa sita. Mlango ulivunjwa, mtu akapiga yowe, likakatika ghafla. Damu ikapenya chini ya mlango wetu.

Mama mkwe hakugeuka. Alimaliza kunoa kisu cha kukatia bata, akakiweka mezani, upande wake wa mstari. Kisha akapakua supu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akanipa mimi kwanza.

"Kula, Qiuyan," alisema. "Bado dakika kumi. Mtoto nitamlea."