Programu Isiyo na Mwenyewe

Atupele alikuwa amebakiza programu moja. Tangu asubuhi, katika ofisi yao mjini Parramatta, ughaibuni, alikuwa akiandika amri za kuiambia kompyuta kuu ibandike lebo kwenye kila programu: jina, toleo na mwenyewe. Saa kumi jioni, zote zisizo na lebo zingefutwa.

Hii ya mwisho haikuwa na mwenyewe. Kwenye orodha, msimamizi wa Atupele, Mkenya aliyeitunza mashine hiyo miaka ishirini, alikuwa ameandika: "Imekufa. Iache ifutwe."

Atupele aliifungua kwa udadisi tu. Akaangalia lini ilitumika mara ya mwisho. Leo, saa tatu asubuhi.

Akasoma amri zake mstari kwa mstari.

"Kaka, hii haijakufa," alimwita msimamizi. "Ndiyo inayopanga magari ya kupeleka damu hospitalini."

Msimamizi alisogea, akasoma, akasoma tena. "Na mimi niliapa tuliizima zamani," alisema taratibu. Zilibaki dakika nne. "Ipe lebo haraka."

Atupele aliandika huku ncha ya kalamu yake ikihesabu nafasi za herufi kwenye kioo cha kompyuta, maana amri ikipita nafasi ya sabini na mbili, mashine huikata. Alikuwa akitabasamu.

"Mwenyewe niandike nani?"

"Nani amegundua kuwa iko hai?"

Alikuwa na wiki tatu tu kazini. Akaandika herufi saba za jina lake, akabonyeza kitufe cha kutuma.