Samaki wa Tangi la Pili

Mke wa mwalimu wangu alinishika mkono mlangoni pa wodi. "Mwambie samaki wamepona, mwanangu," akaninong'oneza. "Hata kama si kweli."

Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, amekonda mno. Kwa miaka kumi na minane alishikilia jambo moja: kwamba kichocheo fulani cha ukuaji kilichomo mwilini mwa samaki huamsha kinga yao dhidi ya bakteria. Nilikuwa msaidizi wake wa maabara, na jaribio hili la mwisho nililifanya peke yangu.

"Haya, binti yangu. Tangi la pili wanasemaje?"

Matangi yote mawili niliyatia bakteria, ila la pili ndilo nililolitia kichocheo pia. Asubuhi ile nilikuwa nimeopoa samaki wake wote arobaini, wamekufa, vidonda vyekundu vimewajaa ubavuni. Wale wa tangi la kwanza, ambao hawakupewa kichocheo, walikuwa wakigombania chakula.

Nilifungua mdomo nimdanganye. Kisha nikaona vidole vyake juu ya shuka, vimejaa makovu madogo madogo ya miiba ya mapezi.

"Wamekufa wote, mwalimu."

Mkewe aligeukia dirisha.

"Kumbe kinaituliza kinga," mwalimu alisema polepole. "Hakiiamshi. Miaka yote hiyo nilikielewa kinyume."

"Pole, mwalimu."

"Umeshaandika?"

"Bado."

"Basi andika hapa hapa, nikikuona."

Akaisogeza miguu yake kwa taabu, ili nipate pa kukaa.