Mkono wa Bi Mwatima

Tangu mvua zilipokihama kisiwa, mfereji wa kila nyumba hufunguka kwa kiganja chenye joto tu, ndoo moja kwa kila mtu kwa siku. Mtu akifa, ndoo yake huhamia hotelini, wageni wasikose kuoga.

Bi Mwatima alikata roho alfajiri, binti yake Zuwena akiwa ameushika mkono wake. Maisha yake yote alikuwa mwosha maiti. Hakuna mwanamke pale mtaani aliyezikwa bila kupita mikononi mwake. Shekhe angesema maji yakikosekana maiti atayamamishwe kwa mchanga, yatosha. Ndoo ya Zuwena na ya mwanawe zilikuwa zimekwisha tangu usiku kwa kumuuguza, lakini hakutaka hata kusikia. Mama yake huyu, apakwe vumbi?

Akaubana mkono wa marehemu kwapani mwake mpaka ukapata joto. Akamburuta kwa mkeka hadi uani, akakibandika kiganja kwenye mfereji.

“Sabalkheri, Bi Mwatima,” mfereji ukasema, na maji yakatoka.

Zuwena akalia kwa shukrani. Ndoo ilipojaa akageuka, akamwona mwanawe Nasra mlangoni, midomo imempasuka kwa kiu.

“Mama, bibi kaamka?”

Zuwena akaitazama ndoo, kisha akamtazama mtoto. Akachota kata moja, akamnywesha. Akachota tena.

Jirani akapiga hodi mlango wa mbele. “Zuwena! Mgonjwa kaamkaje?”

“Hajambo kidogo, amelala,” Zuwena akaitikia, huku akiurudisha mkono wa mama yake kwapani, usije ukapoa kabla ya kesho.