Vidole Vitatu

Salha alikijaza maji pomoni chungu cha kuchujia, akakipachika juu ya ndoo, akasubiri saa nzima. Mumewe, Makame, kabla hajafariki, alikuwa amechanganya udongo wake na unga wa mbao. Moto wa tanuri ulipouteketeza unga ule, uliacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Vikiwa vidogo, uchafu hunaswa. Vikiwa vikubwa, hupita pamoja na maji.

Saa ilipotimia, alilaza vidole ndani ya chungu kupima. Maji yalipaswa kushuka vidole viwili. Yalikuwa yameshuka vitatu.

"Labda umepima vibaya, mwanangu," alisema Bi Riziki, jirani aliyekuja kukichukua kwa ajili ya mjukuu wake asiyepona tumbo. "Mkono wa Makame haukosei."

Salha akajaza tena, wakasubiri tena. Vitatu.

"Hiki ndicho cha mwisho, bibi. Alipokuwa akiuchekecha unga, chekeche lilikuwa likimtetemeka mkononi, chembe kubwa zikamwagikia ndani."

"Basi kiweke kiwe ukumbusho. Mimi nitangoja kingine utakachofinyanga wewe."

Lakini kwao chungu kisichofaa huvunjwa na mfinyanzi mwenyewe mbele ya mnunuzi, kisije siku moja kikaingia jikoni kwa mtu.

Maji yalikuwa yakichuruzika chungu kizima kama mwili wenye homa. Salha akakifuta kwa ncha ya kanga, polepole, kama alivyokuwa akimfuta Makame mwenyewe.

"Bi Riziki," alisema, "nisogezee hiyo nyundo."