Nguchiro na Siri ya Kivuko

Nguchiro, askari kijana wa jeshi la Chui, aliona wivu kila Kasuku alipozungukwa na wasikilizaji. Siku moja akawaita: "Acheni porojo hizo! Kesho jeshi letu linavuka mto pale penye mawe." Wote wakamkimbilia, naye akavimba kichwa.

Kesho yake fisi, adui zao waliokwisha kupata habari hiyo, waliwavizia askari palepale penye mawe, wakaua askari watatu.

"Nani katoa siri?" Chui alinguruma.

"Kasuku, afande," Nguchiro akajibu. "Si unajua alivyo na domo?"

Kasuku akaletwa, akaulizwa alichosikia. Akakariri neno kwa neno, kwa sauti ileile ya Nguchiro.

Nguchiro akafungwa kamba. Alilia sana, lakini kilichomchoma zaidi ni vigelegele alivyopigiwa Kasuku.